Ni Miye

Nyumbani kwa Nasiba siku ilianza na chandarua. Alikikunja, akakitupia juu ya msumari wake, akafungua mlango, kisha akachukua fagio na kufagia ule mchanga mweusi wa Goma ambao hata uufagie mpaka Kiyama hauishi. Baada ya fagio, makala, yaani makaa, kwenye jiko la mbabula. Baada ya makala, maji ya chai. Kikombe cha mumewe kilikuwa kile cha bati chenye maua mekundu, na kilikaa upande wa kulia wa meza, mkono wake ukielekea mlangoni. Binti yao Umi akisahau akakiweka upande mwingine, Nasiba alikihamisha bila kusema neno.

Wanawake wa parsele, wapangaji wa ua mmoja naye, walimwona mtu wa masharti. Masharti gani! Alikuwa na mume mwenye hofu, na amegundua peke yake, bila daktari wala shehe kumwambia, kwamba mtu mwenye hofu hupumua vizuri akijua kinachofuata. Kwa hiyo alihakikisha kila siku inafanana na ya jana. Chai, halafu mumewe Aruna achambue maharage kwenye sinia, halafu apake rangi viatu vya Umi, halafu adhuhuri. Mambo madogo madogo, tena ya kimyakimya.

Aruna alikuwa shofere wa Fuso, njia ya Rutshuru, mtu wa kucheka mpaka abiria wa kabichi wanasahau kwamba wamekalia kabichi. Tangu zile siku za mabomu za Januari, mlio wowote mzito ulimwondoa. Upepo ukibamiza mlango, utamkuta chini ya kitanda, magoti kifuani, macho wazi. Hakuchagua kwenda kule. Mwili wake ulikwenda, yeye akajikuta.

Lakini miezi ilikuwa imepita na zile asubuhi za kufanana zilikuwa zimefanya kazi yake. Alianza kusimama kwenye geti na kusalimia watu. Ijumaa iliyopita alikwenda msikitini kwa miguu yake na akarudi na habari za watu, na Nasiba alikwenda nyuma ya nyumba akalia kwa furaha, akanawa uso, akarudi kukoroga ugali. Mapendo yenyewe, kartie yao, mtaa wa jirani na uwanja wa ndege, ilikuwa imetulia kidogo. Ndege hazikutua tena jirani, na kwa Aruna, Mungu amsamehe, hiyo ilikuwa habari njema.

Kitu kimoja tu hakuna aliyekifikiria. Chini ya paa la nyumba ya jirani yao Kasoki, aliyekimbilia kwa dada yake kule Kasindi wakati wa mabomu, kulikuwa na kinu kimepinduliwa, na kuku walilala juu yake.

*

Jumaine alikuja asubuhi, kanzu nyeupe, mafuta ya udi. Yeye ndiye kaka mkubwa, mwenye duka la vipuri kule Birere, mwenye Fuso, na tangu Aruna aache kazi ndiye mlipaji wa nyumba ile. Alikuja kumtazama mdogo wake kama anafaa kurudi kwenye usukani. Nasiba alijua. Alikuwa amempigia Aruna pasi shati la bluu, na kikombe cha maua kilikuwa mahali pake.

"Unaonekana muzuri," Jumaine alisema. "Umenona, hata."

"Chai ya Mama Umi," Aruna alijibu, akatabasamu.

"Fuso inakungoja. Ule kijana nilimupa anakula gia sawa karanga."

Aruna alicheka. Alicheka kweli, kwa sauti, na Nasiba aliyekuwa mlangoni akashika fremu ya mlango kwa mkono. Haki ya Mungu, alisema moyoni, tumevuka.

Kasoki alikuwa amefika jana yake jioni, na vifurushi vyake na furaha yake ya kurudi nyumbani. Yeye aliishi kwa sombe. Alinunua majani ya muhogo, akayatwanga, akayauza mafungu mafungu sokoni. Asubuhi hiyo alifukuza kuku, akapindua kinu, akakiosha, akatupia majani, akainua mchi.

Du!

Kikombe cha maua kiliruka, chai ikamwagika kwenye kanzu ya Jumaine. Du! Kiti cha Aruna kilikuwa kitupu. Du! Umi, ambaye alikuwa anafunga mkoba wake wa shule, alisogea haraka kwenye kitanda, akavuta kitenge cha mama yake kutoka juu, akakishusha mpaka chini ili mgeni asione miguu ya baba yake. Alifanya hivyo kama mtoto wa mahali pengine anavyofunga pazia. Jumaine aliona yote, mtoto na kitenge na vidole vya miguu.

"Sombe?" alisema. Kwanza alicheka. "Aruna, ni sombe hii! Siye batu ya Maniema, sombe tulinyonya na maziwa, leo unaikimbia?"

Kicheko kikamwisha Jumaine, na kikimwisha Jumaine huwa anakasirika, maana hajui kitu cha katikati. Akamwita Nasiba nje.

"Shemeji, uliniambia amepona."

"Amepona, kaka. Ni leo tu. Hatukujua kama Mama Kasoki amerudia kazi."

"Nikimupa motokari, mupira ukipasuka pale Rumangabo, atafanya nini? Ataingia chini ya kitanda gani?" Alifuta kanzu yake, doa likazidi kupanuka. "Sikiliza. Nitamuchukua kwangu Birere, chumba ya nyuma ya duka. Atakaa na banaume, watamuzoesha. Weye na mutoto murudi kwa baba yako kule Katindo."

"Birere, kaka? Pale kwa wachomea vyuma? Kutwa nyundo?"

"Ndiyo dawa! Muko munamulea sawa yai. Siwezi kuendelea kulipa nyumba ya mwanaume kulala chini ya kitanda. Mwisho wa mwezi nitarudi. Nikimukuta vile, namubeba."

Hakuwa mtu mbaya, Jumaine. Alimpenda mdogo wake, na alikuwa na haya kwa ajili yake, na watu wengi hawajui kutenganisha hivyo viwili. Aliondoka akishika kanzu mbele ili doa lisionekane barabarani.

*

Jioni Nasiba alikwenda kwa Kasoki. Walikuwa majirani wa kweli, wa kuazimana chumvi na kusukana nywele. Kasoki alimkumbatia mpaka kilemba kikamwanguka.

"Nasiba wangu! Nilikuwa nakuya kwako kesho. Nimekuletea mawese ya Kasindi, na hii sombe ya leo, ya kwanza, ni yako."

Ilikuwa imefungwa kwenye jani la mgomba, bado ina ubichi. Nasiba aliishika akaiweka mapajani. Njiani, ile njia fupi ya kutoka mlango hadi mlango, alikuwa amepanga maneno mazuri. Yote yalipotea.

"Mama Kasoki, kile kinu," alisema. "Hauwezi kukipeleka mbali kidogo?"

"Mbali wapi? Parsele ni hii tu."

"Ao masini ile ya soko. Inasaga mara moja."

"Masini inakula faida yote, na sombe inatoka sawa matope. Banunuzi wangu wanataka ya kutwanga." Kasoki alianza kumtazama kwa upande. "Juu ya nini? Kinu kimekukosea nini?"

"Hapana. Ni vile kiko mbele ya mulango yetu."

"Kimekuwa mbele ya mulango yenu tangu muhamie."

Nasiba aliangalia sombe mapajani. Neno lilikuwa moja tu, mume wangu anaogopa. Alilifikisha kwenye meno. Akaona vidole vya miguu chini ya kitenge. Akaona wanawake kwenye bomba la maji, na watoto wakimwiga Aruna, na Umi katikati yao. Akalimeza.

Kasoki, kwa upande wake, alikuwa akitafuta sababu, na mtu akitafuta sababu hapa kwetu, mahali ambapo Muislamu na Mkristo wanaanika nguo kamba moja, haendi mbali.

"Nasiba," alisema polepole. "Ni nguruwe?"

"Nini?"

"Noeli, kaka yangu alileta nyama ya nguruwe, nikaitwangia vitunguu saumu ndani ya kinu. Uliniona. Haukusema kitu, lakini uliniona." Sauti yake ilianza kupanda. "Nilikiosha na maji ya moto! Nikakisugua na majivu, juu yako! Juu najua unakula ndani yake!"

Hapo ndipo Nasiba alipokosea. Alikuwa hata haikumbuki hiyo nguruwe. Angesema hapana, mambo yangeisha kwa kicheko. Lakini aliona mlango umefunguliwa, sababu ambayo mumewe hayumo, na akanyamaza. Aliangalia chini, kama mtu aliyekamatwa katika dini yake.

Kasoki alisimama. "Miaka yote umekula sombe ya hiki kinu. Weye na mutoto wako. Siku ya kufungua saumu munakuya na sahani. Leo imekuwa haramu."

"Mama Kasoki..."

"Basi na hii haramu." Alichukua sombe kutoka mapajani mwa Nasiba, jani na yote, akaingia ndani.

*

Kuanzia hapo Kasoki alitwanga kwa hasira, na wote wajuao sombe wanajua hasira inatwanga vizuri. Du! Du! Alitwanga alfajiri, alitwanga wakati wa kulala mchana. Alisimulia bombani, na bomba likasimulia kartie nzima, kwamba Nasiba amekuwa shehe. Kamba ya nguo ikafunguliwa fundo upande wa Nasiba, sare ya shule ya Umi ikaanguka kwenye mchanga mweusi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimwachia zamu kwenye maji akamwuliza kwa upole wa sumu kama maji haya ya ziwani nayo yako halali, maana Wakristo wanaogea.

Ndani, mambo yaliharibika. Nasiba alimtia Aruna pamba masikioni. Alifungua redio. Alisogeza kitanda kwenye ukuta wa mbali. Alizidi kufuata mpangilio wake, chandarua, fagio, makala, maji, kama mtu anayesali, lakini haukumshika tena Aruna. Sasa aliingia chini ya kitanda hata kabla ya mlio, kwa vile hakujua utakuja saa ngapi. Maharage yalikaa kwenye sinia na mawe yake.

"Mama," Umi aliuliza, "Mama Kasoki anatuchukia juu ya nini?"

"Tulia, mutoto."

"Banasema ulimwambia yeye ni mchafu."

Nasiba hakulala vizuri na hilo. Alijiambia atakwenda kusema ukweli kesho, na kesho ikifika alisikia haya, akajiambia kesho.

Jumamosi ikawa salongo, siku ya usafi, ambapo kila mtu hutoka na jembe na fagio kuzibua mtaro, apende asipende. Muzee Namegabe, mwenye parsele, alikuwepo, tumbo mbele, akiwaonyesha wengine pa kuchimba. Kasoki aliweka jembe chini.

"Muzee, mbele ya batu yote. Huyu lokatere, mupangaji wako, anasema kinu yangu ni haramu, nikihamishe. Uamue."

Watu waliacha kazi haraka sana. Hakuna kitu kitamu kama shauri la jirani siku ya salongo.

"Mama Umi, ni kweli?" Namegabe aliuliza.

Nasiba alishika fagio lake. "Sikusema haramu."

"Ulisema nini?" Kasoki aliuliza. "Sema mbele ya batu! Nilikuuliza ni nguruwe, ulisema nini?"

Nasiba alifungua mdomo, na badala ya neno yakaja machozi, na machozi hapo yalionekana kama kukiri.

Namegabe alisafisha koo. "Hapa kwangu kuna kila dini. Sitaki probleme za dini, tuko na za kutosha. Kinu ya Mama Kasoki ilikuwa hapa mbele yenu. Kama imewazidi, mutafute nyumba kwa Baislamu benzenu. Nawapa mpaka mwisho wa mwezi."

Mwisho wa mwezi! Kama vile yeye na Jumaine wamekubaliana. Nasiba aliona Birere, nyundo, chumba cha nyuma, mwanaume wake chini ya meza ya vipuri na vijana wakimchungulia. Aliona Katindo kwa baba yake, yeye na Umi kwenye mkeka wa wageni.

Mlango wao ulikuwa wazi. Aruna alikuwa amesikia kila neno, na pamba yake haikumsaidia. Alitoka peku, shati halijafungwa vifungo, akiwa bado ameshika sinia la maharage, kwa sababu lilikuwa mkononi wakati miguu ilipoamua.

"Haiko haramu," alisema.

Wote wakageuka. Wengine hawakuwa wamemwona muda mrefu, wakadhani alisafiri.

"Haiko mambo ya dini. Mama Umi hakuwasema vibaya. Ni miye." Akalibana sinia kifuani, maharage yakacheza ndani. "Ile mlio ya kinu. Nikisikia, niko naogopa. Naingia chini ya kitanda. Alikuwa ananificha."

Namegabe akacheka, kicheko cha tumbo, na wengine wawili watatu wakamsindikiza, kwa kuwa ni mwenye nyumba. "Shofere muzima! Sombe inakutia chini ya kitanda?"

"Ndiyo, Muzee," Aruna alisema. "Sombe."

Kasoki hakucheka. Alimtazama Aruna, akatazama miguu yake mitupu, akasema, "Nyamaza, Muzee." Na Namegabe, ambaye hakuambiwa hivyo na mtu tangu mke wake afe, akanyamaza.

"Inakushika nikipiga ya kwanza, ao zote?" Kasoki aliuliza. Aliuliza kama mtu anayeuliza kipimo cha nguo.

Aruna alifikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza. "Ya kwanza. Ya kwanza sijui kama ni weye."

"Na ukijua?"

"Sijui. Sijawahi kujua mbele."

"Basi nitakuambia mbele." Akamgeukia Nasiba, na hapo sauti ikabadilika. "Na weye! Uliniacha nilale na ile neno? Siku hizi zote, najinusa mikono?"

"Niliona haya," Nasiba alisema. "Unisamehe, Mama Kasoki. Nilikuuza wewe ili nimfiche yeye."

"Uliniuza, ndiyo." Kasoki alichukua jembe lake. "Nitakusamehe, lakini haiko leo. Leo bado nina hasira. Tuchimbe mtaro."

Wakachimba. Habari ya mwisho wa mwezi Namegabe hakuirudia, na hakuna aliyemkumbusha.

*

Asubuhi iliyofuata, Nasiba akiwa kwenye makala, sauti ilipita uani.

"Aruna! Ni miye!"

Du!

Aruna alishuka chini ya kitanda. Lakini Nasiba, aliyekuwa akimtazama, aliona ameshuka kwa mikono na magoti, kama mtu anayetafuta kiatu. Siku nyingine alikaa ukingoni mwa kitanda, ameshika shuka kwa ngumi zote mbili. Siku nyingine tena, Kasoki alipoita, jibu likatoka ndani, dogo, la kukwaruza.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua ni weye!"

"Haya!" Du!

Watoto wa parsele waliugeuza mchezo. Ni miye, najua! Ni miye, najua! Mtu akigonga mlango, ni miye. Mtu akimwaga maji, ni miye. Watu wa Mapendo walikuwa wakisema kwamba hata mwizi ukimwuliza ni nani atajibu ni miye, sasa wakasema kule kwa Namegabe hata kuku wanabisha hodi. Nasiba aliliingiza katika mpangilio wake, baada ya maji ya chai. Chandarua, fagio, makala, maji, ni miye.

Halafu Aruna akatoka na sinia, akachambulia maharage karibu na kinu. Halafu akawa anamng'olea Kasoki majani kwenye vijiti vyake. Siku Kasoki alipoamka bega linamuuma, hakumwomba. Alimnyooshea tu mchi.

"Miye?" Aruna alisema. "Ni kazi ya banamuke."

"Na kuingia chini ya kitanda ni kazi ya nani? Shika."

Aliushika. Mchi ulikuwa laini mahali pa mikono. Akauinua, akafumba macho, akasema kwa sauti ya chini ili ajisikie mwenyewe, "Ni miye," akauachia. Mlio ukapanda kwenye mikono yake mpaka mabegani, na ulikuwa wake. Alitwanga mpaka majani yakawa uji. Wanawake walikuja kuchungulia mwanaume mwenye mchi, wakacheka mpaka wakashikana, na Kasoki akawaambia kwamba anayecheka alete majani yake yatwangwe bure. Wakaleta, kweli. Ikawa kila siku baada ya chai, Aruna kwenye kinu. Siku ile ya kwanza Kasoki alimletea Nasiba fungu kwenye jani la mgomba, akaliweka mezani, akakaa, akanywa chai bila kusema msamaha.

*

Jumaine alirudi mwisho wa mwezi kama alivyosema. Hakuvaa kanzu ya doa, alivaa mpya. Aliingia getini akamkuta mdogo wake katikati ya wanawake, jasho linamtoka, mchi unapanda na kushuka.

"Aruna!"

"Kaka. Karibu. Keti, nimalize hii."

"Nimalize nini? Mbele ya batu? Mutoto ya baba yangu anatwanga sombe?" Alimtazama Nasiba. "Hii ndiyo kupona?"

"Keti, kaka," Nasiba alisema. "Chai iko tayari."

"Sikukuya kunywa chai. Nilisema namubeba, na namubeba. Fungeni vitu vyake." Lakini Umi alikuwa tayari ameleta benchi, na adabu ni adabu, Jumaine akakaa. Nasiba alisimama na birika mkononi, na mkono wake ulikuwa baridi ingawa birika lilikuwa moto.

Hapo ndipo lori, pale kona ya barabara, lilipopasukiwa na mpira.

Lilikuwa pigo moja, kubwa, la kutikisa mabati. Na parsele nzima ikaanguka. Birika likaenda huku, Nasiba kule. Kasoki alijirusha nyuma ya kinu chake, mikono juu ya kichwa, akitaja Yesu. Wanawake wakalala juu ya majani. Umi aliingia chini ya benchi, na kabla hajamaliza kuingia alimkuta mtu mwingine mle, mkubwa, mwenye harufu ya udi, kanzu mpya kwenye mchanga mweusi.

Aruna peke yake alikuwa amesimama. Msidhani ni ushujaa. Kitanda kilikuwa mbali, na magoti yake yalitaka kwenda, lakini mikono ilikuwa imeukamata mchi na haikujua kuuachia. Alisikia moyo wake masikioni. Alitazama ua, migongo yote ile chini, jirani, mke, kaka, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba chini ya kitanda hakuwa peke yake siku zote zile. Alisikia mtoto wake anapumua kwa haraka chini ya benchi.

Akalowesha midomo.

"Ni miye," alisema, sauti ikakatika. Akasema tena. "Munasikia? Sasa hii ni miye." Akauinua mchi, akaushusha taratibu. Du. Akangoja. Du.

Kichwa cha Kasoki kiliinuka nyuma ya kinu. Du. Nasiba alikaa, akaanza kutafuta kifuniko cha birika. Du. Chini ya benchi Umi alifumbua macho, akaona miguu ya baba yake mkubwa imebaki nje, viatu vya ngozi vimeelekea juu, na watu wanaanza kuinuka. Akajivua mtandio wake, akaushusha mbele ya benchi ili wasiione.

"Aruna," Jumaine aliuliza humo ndani, kwa sauti ndogo ambayo mdogo wake hakuwahi kuisikia. "Ile ya kwanza ilikuwa nini?"

"Mupira, kaka. Mupira ya motokari imepasuka."

"Na hii?"

"Hii ni miye."

Jumaine hakutoka. Vidole vyake vilishika ukingo wa mtandio wa Umi kutoka ndani, vikauvuta kidogo uzibe vizuri.

"Basi usiache kwanza," alisema. "Endelea kidogo."